Damu ya Pacha

Kifua alitua gunia la unga juu ya rundo, akajishika kiuno. Kinu kilinguruma hadi sakafu ikatetemeka, na watu walizungumza kwa kupayuka.

"Leo unakuwa bosi!" akapiga kelele Kobe, mbebaji mwenzake. "Ukikalia kiti usitusahau sisi punda."

"Acha nikikalie kwanza."

Mtunza stoo alikuwa amestaafu, na kazi ile ya kukaa na kushika ufunguo ilikuwa zamu ya Kifua, mkongwe kuliko wote. Daktari alishamwonya: mgongo huo ukiendelea kubebeshwa, utamlaza kitandani.

Msimamizi akamwita ofisini. Hakumkaribisha kiti.

"Mzee, una pacha?"

"Ninaye. Yuko kifungoni. Alivunja duka."

"Mnafanana?"

"Mama alimfunga mmoja uzi mkononi, asije akamnyonyesha mara mbili."

Msimamizi akatikisa kichwa. "Nilikuwa semina. Wataalamu wanasema wizi unakaa kwenye damu. Mapacha wa kufanana ndio kabisa! Si kosa lako, lakini stoo siwezi kukupa."

"Bwana mkubwa, damu ni moja, sikatai. Lakini baba alipofariki, mimi nilichukuliwa na shangazi, nikala nikashiba. Mwenzangu alipelekwa kwa baba mdogo. Huko alikula fimbo, akalala njaa, akajifunza kudokoa masufuria. Hao wataalamu walimuuliza?"

"Mwana wa nyoka ni nyoka, mzee."

"Haya. Kama mimi ni yeye, basi na yeye ni mimi. Miaka yote hii nashinda na unga wenu, sijachota hata konzi. Mbona uaminifu wangu haumpunguzii kifungo?"

Msimamizi akacheka, kisha akaacha. "Rudi kwenye magunia."

Akarudi. Kobe alimtazama usoni. Akashika upande mzito wa gunia lililofuata.

Jioni, wabebaji walipokuwa wakitoka, mlinzi wa geti, ambaye siku zote humpungia Kifua apite, alimzuia.

"Vua viatu, kaka. Nimeagizwa," akasema, macho chini.

Kifua akavua viatu. Akavua na shati. Akapindua mifuko ya suruali, ikaning'inia nje kama masikio ya mbuzi.

"Basi, inatosha! Vaa."

Hakuvaa. Akashika njia hivyo hivyo, shati begani, viatu mkononi, mifuko nje, katikati ya watu wanaorudi makwao.

Mama mmoja muuza mboga akamwonea huruma. "Pole, baba. Umeibiwa?"

"Ndiyo," akajibu Kifua, akaendelea kutembea.