Nyimbo Thelathini na Moja

Walimwita Bingwa, na yeye alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alifundisha kompyuta katika shule ya sekondari ya wasichana, na ukweni kwake hapakuwa na simu iliyogoma wala redio iliyokwaruza ambayo haikupelekwa kwake. Shemeji zake wakimwona tu anaingia na mkoba wake wa waya, shangwe zilianza: "Bingwa kaja! Bingwa kaja!" Naye alijibaraguza kama mtu asiyetaka sifa, huku kifua kimemvimba.

Mama mkwe wake alikuwa akiishi na Bingwa na mkewe tangu macho yalipoanza kumwacha. Alikuwa mwanamke mrefu, asiye na maneno mengi, aliyefanya kazi miaka ishirini na sita kwenye mashine za kusokota uzi katika kiwanda cha nguo. Lakini waliomjua hawakumkumbuka kwa uzi. Kiwanda kile kilikuwa na bendi yake, wafanyakazi watupu, na mwimbaji wao alikuwa yeye. Baadaye kiwanda kikafungwa, bendi ikavunjika, na wenzake wakatangulia mmoja baada ya mwingine. Walisalia wawili tu: yeye, na mpiga tumba, mzee aliyeishi mji wa mbali. Kila Ijumaa walipigiana simu wakacheka kama watoto.

Nyimbo zao zilikuwa kwenye kanda, na kanda zilishaanza kuota ukungu. Mpwa wake mmoja, mtu mwenye subira ya ajabu, alizicheza kanda hizo moja moja mbele ya kompyuta yake hadi nyimbo zote sitini na nne zikaingia. Kisha akazihamishia kwenye kicheza muziki kidogo, kinachoenea kiganjani. Kanda zikatupwa. Mpwa naye akahama nchi, na kompyuta yake akampa mtu aliyeifumua akachukua vipuri. Kwa hiyo bendi nzima, tarumbeta na magitaa na tumba, ilikuwa ikiishi ndani ya kitu kile kimoja, mfukoni mwa gauni la mama mkwe. Hayo Bingwa aliyajua. Alikuwa ameyasikia mezani zaidi ya mara kumi.

Jumamosi moja asubuhi, mkewe akiwa kazini kwenye duka la dawa, mama mkwe alikuja taratibu, mkono ukipapasa ukuta, hadi kwenye meza ya kompyuta.

"Mkwe wangu, umeamkaje?"

"Nimeamka salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kuna wimbo nimeusikia redioni, wa mabinti wawili. Umenikaa kichwani. Unaweza kuniongezea humu?" Akatoa kicheza muziki mfukoni. "Huo mmoja tu."

"Mmoja tu, mama? Nitakujazia mia tatu!"

"Mia tatu nitazipeleka wapi, mwanangu? Mmoja unatosha."

Bingwa akacheka, akachomeka waya. Sasa, kompyuta ya yule mpwa ilikuwa ya mfumo mmoja, na ya Bingwa ilikuwa ya mfumo mwingine, na mifumo hiyo miwili ilikuwa kama wake wenza walionuniana: huu hausalimii ule, na ule hausalimii huu. Kioo kilikwama kidogo, kisha likatokea dirisha lenye maandishi. Akasoma mstari wa kwanza: kifaa hiki kimefungamanishwa na kompyuta nyingine. Chini yake kulikuwa na mistari mingine miwili, na chini kabisa vitufe viwili.

"Kuna tatizo?" mama mkwe aliuliza. Alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake juu ya kiti.

Hapo ndipo palipokuwa pa kusema, "Ngoja kwanza, mama, nisome." Maneno manne au matano tu. Lakini Bingwa aliona haya kusitasita mbele ya mkwewe. Bingwa gani huyo anayesoma maelekezo?

"Hakuna tatizo, mama. Ni maswali yake ya kipuuzi tu."

Akabofya.

Mstari wa kijani ukatambaa kutoka kushoto kwenda kulia. Ulipofika mwisho alifungua orodha. Nyimbo mia tatu na kumi na mbili, zote zake yeye: za mazoezi ya viungo, za safarini, za kuchezea harusini. Za kiwanda hakuna hata moja. Akachomoa waya, akachomeka tena. Akazima, akawasha. Hakuna.

"Tayari?"

"Mama... Hiki kifaa kimezeeka. Naona kimejifuta chenyewe. Nyimbo zilizokuwamo sizioni."

Mama mkwe akavuta kiti cha pembeni, akakaa.

"Basi ni mimi," alisema polepole. "Juzi kiliniponyoka bafuni kikaanguka sakafuni. Nilikifuta maji, nikakisikiliza, nikaona kinaimba, nikanyamaza. Kumbe kiliumia ndani kwa ndani." Akainua uso wake upande ambao sauti ya Bingwa ilikuwa imetokea. "Unisamehe, mkwe wangu, kwa kukusumbua."

Bingwa alifungua kinywa. Ukweli ulifika mpaka kwenye meno, ukarudi.

"Usijali, mama," alisema. "Hutokea."

Uongo ukishapewa kiti, haukai peke yake. Jioni ile mkewe aliporudi na kuambiwa, alimgeukia mama yake. "Mama, mara ngapi nimekuambia usiingie nacho bafuni? Mara ngapi? Sasa ona!" Hakuwa mkali, alikuwa na uchungu, maana nyimbo zile ndizo zilizombembeleza utotoni. Mama mtu aliinamisha kichwa kama mwanafunzi. Na Bingwa, aliyekuwa ameshika sahani mkononi, alikwenda jikoni akaiosha sahani ileile mara tatu.

Ijumaa ilipofika, mama mkwe alimpigia simu mpiga tumba. Chumba chake kilipakana na meza ya kompyuta, na mlango ulikuwa wazi. "Ndugu yangu," Bingwa alimsikia akisema, "nimetuangusha. Nilizishika zote peke yangu, na nimezivunja kwa mkono wangu." Safari hiyo hakikusikika kicheko. Bingwa alitoka nje, akasimama uani kati ya nguo zilizoanikwa, akajiona mdogo kuliko vibanio vya kamba ile. Mama mkwe alikuwa akiomba radhi kwa kosa lisilo lake, na mwenye kosa alikuwa hapo hapo akimsikiliza.

Jumatatu alikibeba kicheza muziki kwenda shuleni. Alimwambia mama mkwe kwamba anajaribu bahati tu, na hilo angalau lilikuwa kweli. Shuleni palikuwa na mkutubi, mama mnene mcheshi, ambaye alikuwa amezifufua kompyuta kuukuu za maktaba kwa kuziwekea mfumo wa tatu, ule huria unaogawiwa bure. Bingwa alikuwa amezoea kuzicheka mashine hizo mbele ya walimu, akiziita mikweche ya maktaba. Siku hiyo aliingia maktaba kwa unyenyekevu ambao mkutubi aliushangaa waziwazi.

"Leo Bingwa kaja kwenye mikweche? Kulikoni?"

Akaeleza. Mkutubi akachomeka waya, akaandika amri mbili tatu, na mashine yake ikakifungua kifaa kama mtu anayefungua kabati, bila kuuliza ni cha nani.

"Nyimbo zilizofutwa huwa hazitoweki mara moja," alisema. "Kinachofutwa kwanza ni majina kwenye daftari la mahudhurio. Wenyewe hubaki darasani mpaka aje mtu mwingine akalie kiti. Wewe bahati mbaya umeleta wageni mia tatu. Tutaona waliosalia. Nani alifuta?"

"Watoto," Bingwa alisema.

Hata yeye hakujua lilivyotoka. Watoto wenyewe alikuwa naye mmoja, wa kike, wa miaka minne, aliyekuwa kwa bibi yake mwingine wiki nzima ile.

Mkutubi aliendelea kutazama kioo. "Watoto," alirudia. "Hapa panaonyesha kifaa kilifutwa Jumamosi, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, na kikafungamanishwa upya na kompyuta inayoitwa BINGWA. Kwa herufi kubwa."

Wasichana wawili waliokuwa wakisoma karibu na dirisha waliinua vichwa. Bingwa alihisi masikio yake yanawaka moto.

"Mwalimu," mkutubi alisema, sasa kwa sauti ya chini, bila utani, "mimi si hakimu wako. Lakini unayemdanganya kule nyumbani ni nani?"

"Mama mkwe," alijibu, macho yakiwa kwenye zulia. "Anadhani ni yeye."

Mkutubi alishusha pumzi, akarudi kwenye kazi. Iliwachukua siku tatu, saa za mapumziko. Zilipatikana nyimbo thelathini na moja, na kati ya hizo nne zilikatika katikati. Nyingine thelathini na tatu zilikuwa zimekaliwa na wale wageni. Na hata zilizopona hazikuwa na majina. Kila faili lilikuwa na herufi nne zisizo na maana, kana kwamba mtu ameangusha kisanduku cha herufi sakafuni.

"Atakayezitambua ni mwenyewe tu," mkutubi alisema akimkabidhi. "Mimi hapa nimefika mwisho wangu."

Njiani Bingwa aliwaza mengi. Angeweza kuingia kwa vifijo: "Mama, nimeziokoa!" Angeshangiliwa. Kosa lingebaki la mama mkwe na bafu lake, na yeye angebaki na sifa zake, na tena zingeongezeka. Wazo hilo lilimjia likiwa limeiva tayari, na kuiva kwake ndiko kulikomtia kinyaa. Mficha uchi hazai, walisema wa kale. Yeye alikuwa ameuficha siku kumi na mbili, na kilichozaliwa ni uongo wa pili na wa tatu.

Aliwakuta sebuleni, mkewe akimkata mama yake kucha. Hakukaa.

"Mama, kifaa hakikuharibika bafuni. Nilikifuta mimi. Kompyuta iliniuliza kama nifute, na mimi sikusoma, nikabofya kwa sababu ulikuwa umesimama pale na niliona aibu kuonekana sijui. Halafu nikakuacha uamini ni wewe."

Mkasi wa kucha ulisimama. Mkewe alimtazama kwa namna ambayo hakuwahi kutazamwa naye, hata siku walizogombana. "Nilimgombeza mama yangu," alisema. "Mbele yako. Nawe ukaenda kuosha vyombo."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nimgombeze."

Mama mkwe aliurudisha mkono wake mapajani. Uso wake haukuonyesha hasira, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulibeba.

"Zimepatikana ngapi?" aliuliza.

"Thelathini na moja."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayehesabu watu waliokuja mazishini. "Nilimpigia yule mzee nikamwomba radhi. Chukua simu. Mpigie wewe."

Alimpigia palepale, amesimama, akaeleza yote. Mpiga tumba alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza jambo moja tu: kuna wimbo ambao mpiga tarumbeta wao aliupiga peke yake mwanzoni, mwezi mmoja kabla hajafariki, je, umo? Bingwa alimuuliza mama mkwe unavyoanza, naye akauimba kwa midomo kidogo, pu-ru-pu-pu. Wakazicheza zote thelathini na moja, sekunde chache chache, simu ikiwa imewekwa karibu na kipaza sauti, na mzee akisubiri upande wa pili.

Haumo.

"Haya," alisema mpiga tumba. "Ahsante kwa kuniambia mwenyewe." Akakata.

Jumamosi tatu zilizofuata walikaa mezani, mama mkwe na Bingwa. Yeye alicheza faili, mama akasikiliza, akataja jina la wimbo, aliyeutunga, na nani alipiga gitaa. Bingwa akaandika. Alipokosea tahajia ya jina la mtu, mama alimrudisha: "Hapana. Andika vizuri. Huyo hana mahali pengine alipoandikwa." Safari hii alizihifadhi kwenye kompyuta yake, kwenye moja ya maktaba, na kwenye ya shemeji yake mwenye mfumo kama ule wa mpwa. Shemeji naye alimweleza sababu, bila kuulizwa.

Siku ya mwisho alijikaza, akasema, "Mama, zile zilizopotea, labda ungeziimba wewe, mimi nikarekodi?"

Mama mkwe alifikiri. "Ile ilikuwa sauti ya msichana wa miaka ishirini na mitatu, na nyuma yake wanaume wanane waliokuwa hai," alisema. "Nikiimba leo utarekodi bibi kizee. Hapana, mwanangu. Zilizokwenda zimekwenda." Hakusema kwa ukali. Bingwa alitamani kulirudisha wazo lake mfukoni kama lilivyotoka.

Mkewe alianza kuongea naye sawasawa baada ya mwezi hivi. Mama mkwe hakuwahi kulitaja tena jambo lile, wala kumnyima salamu. Kila asubuhi huketi kibarazani na kicheza muziki chake. Zamani nyimbo zilipoanza baada ya chai zilimfikisha mpaka karibu na adhuhuri. Sasa Bingwa, siku asizokwenda kazini, huzisikia zikiisha mapema, jua lenyewe halijakolea vizuri. Kunakuwa na kimya kidogo, kidole cha gumba kikitafuta kitufe, kisha ule wimbo wa kwanza unaanza tena.