Kidari cha Diwani

Kwetu Mombasa, mtoto wa Kihindi akisema anakwenda kusoma nje, watu humnunulia koti na kumsindikiza uwanja wa ndege. Mimi nilisindikizwa stendi ya basi. Shangazi zangu walilia kwa adabu tu, maana ni vigumu kumlilia mtu anayekwenda Arusha. "Nje gani hiyo inayofikika kwa basi?" aliuliza mmoja wao. Lakini nje ni nje. Nilivuka mpaka, pasi yangu ikagongwa muhuri, na tangu siku hiyo mimi Sudha ni mwanafunzi wa kigeni, nasomea uhandisi wa maji kwenye chuo kimoja huku chini ya Mlima Meru.

Kitu ambacho hakuna aliyenionya ni nyama. Sisemi kwa ubaya. Ni kwamba mtu wa huku akifurahi anachoma mbuzi, akihuzunika anachemsha mbuzi, na asipojua ajisikie vipi anaagiza nusu kilo aanze nayo huku akifikiri. Mimi sili nyama, sili samaki, sili yai. Sijawahi. Nyumbani kwetu hakuna anayekula, na nilipofika umri wa kuasi, niliasi kwa mambo mengine.

Kwa hiyo wikendi zangu za mwanzo zilikuwa vita. Nilialikwa matembezi ya Ziwa Duluti, kumbe chakula chote walichobeba ni soseji. Nilialikwa sherehe ya kipaimara, nikawekewa paja la kuku kwa maelezo kwamba kuku si nyama, kuku ni kuku. Nilikwenda na wenzangu wa darasa kupanda kilima kimoja huko Meru, tumbili wakaniibia mfuko wa karanga, na wenzangu wakanihurumia kwa mshikaki. Nilikuwa nashinda njaa katikati ya watu wakarimu kabisa, na njaa ya namna hiyo inaudhi kuliko njaa ya kawaida, maana hujui umkasirikie nani.

Joyce, ninayekaa naye chumba kimoja bwenini, ndiye aliyeamua kuniokoa. Ni Mmeru wa Maji ya Chai, mrefu, ana sauti ya kuitia ng'ombe na huruma ya kulazimisha. Ijumaa moja akaniambia, "Kesho twende nyumbani. Kaka yangu Yoeli anapeleka posa Nkoaranga. Wewe utakaa jikoni na akina mama, utakula ndizi, tutarudi."

"Ndizi zenye nini?"

"Ndizi zenye ndizi. Nimeshampigia Hanna, amekutengea sufuria yako."

Hanna ndiye msichana aliyekuwa anaposwa. Nikaona bibi harusi anayenipikia sufuria yangu peke yangu ni mtu wa kwenda kumwona, hata kama njia ni ya mlima.

Na ilikuwa ya mlima kweli. Gari lilituacha chini, tukapanda kwa miguu katikati ya kahawa na migomba, tumebeba sukari, soda na blanketi la kumpa babu yake Hanna. Yoeli alikuwa anatokwa jasho kupita kiasi cha ule mlima. Ni kijana mpole, anauza nondo na misumari kwenye duka la Mhindi mmoja mjini anayeitwa Pravin, na alimpenda Hanna tangu wakiwa kwaya moja. Hofu yake ilikuwa huyo babu, Mzee Thomasi, mzee wa kanisa, aliyemlea Hanna tangu mdogo. Mzee huyo alishakataa posa moja. Mjomba wa yule mchumba wa kwanza alibakiza nyama kwenye sahani, na kwa Mzee Thomasi, sahani ya mgeni wa posa ikirudi jikoni na nyama, posa nayo imerudi. Hakuna rufaa.

"Yaani walimnyima mke kwa sababu mjomba alishiba?" nikauliza.

"Hakuwa ameshiba," Yoeli akasema. "Alikuwa na jino bovu."

Nikacheka mpaka nikasimama. Mimi nilikuwa na sufuria yangu jikoni. Mambo ya wanaume na sahani zao yalinihusu nini?

Nilimkuta Hanna kwenye mafiga, macho mekundu. Nikampa pole ya moshi. Akasema si moshi, ni Diwani.

Diwani alikuwa beberu. Mama yake alikufa siku aliyomzaa, Hanna akamlea kwa chupa, akampa jina hilo kwa sababu alikuwa hanyamazi na hakuwahi kusema la maana. Alikuwa akimfuata mpaka kisimani, akikuta mlango wazi anaingia ndani na kupanda kochi. Asubuhi hiyo Mzee Thomasi alitazama zizi lote akamchagua yeye, kwa sababu ndiye aliyenenepa. Alinenepa kwa sababu Hanna alikuwa akimlisha kwa siri.

"Namshukuru Mungu leo siruhusiwi kula mbele ya wageni," Hanna akasema, anakoroga sufuria huku kaangalia pembeni. "Anayeposwa hagusi mbuzi wa posa. Nisingeweza kumtia mdomoni." Kisha akanigeukia. "Na wewe huli kabisa? Hata ukilazimishwa?"

"Wengi wamejaribu."

Akacheka kidogo, akapangusa macho kwa kanga, akanipakulia ndizi zangu zenye maharage. Nilikula kama niliyefungiwa stoo. Nilimpenda papo hapo yule msichana, na nikaona Yoeli ana akili kuliko sura yake ya woga inavyoonyesha.

Basi hapo ndipo Mzee Thomasi alipochungulia mlangoni. Mzee mrefu, koti la suti, kofia ya sufu. Akaniona.

"Shikamoo mzee," nikasema. "Naitwa Sudha, natoka Mombasa. Nasoma na Joyce."

"Marahaba. Baba hajambo? Dukani kwema?"

Baba yangu ana duka kweli, huko Mombasa, anauza vitambaa. Nikamjibu kwamba baba hajambo na dukani kwema, kama mtoto mwenye malezi. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu, ameridhika. Kichwani mwake hesabu ilikuwa imeshakaa sawa: Yoeli anafanya kazi kwa Mhindi, mbele yake kasimama Mhindi, basi tajiri wa Yoeli amemtuma binti yake aje kushuhudia posa. Akanishika mkono. "Binti wa tajiri hakai jikoni kwangu," akasema, akaniongoza sebuleni, akanikalisha kwenye kochi la mbele lenye vitambaa vya kufuma, katikati ya Yoeli na mshenga wake.

Mshenga alikuwa baba yao mdogo, Eliamini, mtu anayeweza kumuuzia Mmeru ndizi. Nikamnong'oneza kwamba mzee amekosea, mimi si binti wa Pravin. Eliamini akatabasamu kwa meno yote. "Nyamaza hivyo hivyo, mama. Umetupandisha bei."

Sala ilikuwa ndefu. Ilipitia wagonjwa, wasafiri, viongozi na bei ya kahawa. Kisha Mzee Thomasi akakunja mikono ya koti, akachukua kisu, akaanza kukata mwenyewe na kugawa kwa mkono wake. Kidari, kifua chenye mafuta yake, hupewa mgeni mkubwa. Nilikiona kinakuja. Kilipita kwa Eliamini, kikapita kwa Yoeli, kikatua kwenye sahani yangu, kinang'aa.

Yoeli aliyekuwa anajua vizuri ninavyokula aliweka sura ambayo sijaisahau. Hakuniomba kitu. Aliitazama tu ile sahani kama mtu anayetazama basi lake linaondoka.

Wote wakala. Mimi nikashika glasi ya soda. Mzee akasubiri, akasubiri, akauliza, "Mgeni wetu mbona hali?"

Eliamini akawahi. "Amefunga, mzee."

"Amefunga? Nimemkuta jikoni anakula ndizi kwa mikono miwili."

"Amefunga nyama. Ana vidonda vya tumbo."

"Mwenye vidonda anakunywa soda?"

"Ni mjamzito," Eliamini akasema, na hapo nikamkanyaga.

Joyce akasimama kutoka kwenye viti vya nyuma. "Babu, shikamoo. Huyu rafiki yangu hali nyama. Ni dini yao."

"Dini gani inakataza mbuzi?" Mzee Thomasi hakuwa amekasirika bado, alikuwa anauliza kama mzee wa kanisa. "Waislamu wanakula mbuzi. Walutheri wanakula mbuzi. Ibrahimu alipotembelewa na malaika alichinja ndama, na malaika wakala. Malaika. Huyu ni nani asiyekula walichokula malaika?"

Nadhani ingekuwa siku nyingine ningebishana naye kuhusu hao malaika. Lakini akaweka kisu chini, akasema maneno ambayo kila mtu mle ndani alikuwa anayangoja kwa hofu. "Sahani ikirudi na nyama, mnajua. Sikuanzisha mimi, nilikuta. Mjomba wa yule mwingine niliambiwa jino. Leo naambiwa dini. Tajiri wa kijana amemtuma binti yake aje kudharau mbuzi wa nyumba hii, basi tuseme tu hivyo, tusisumbuane."

"Mimi si binti wa tajiri," nikasema. "Mimi ni mwanafunzi. Nimekuja kula ndizi."

"Umekaa kiti cha mgeni."

"Umenikalisha wewe, mzee."

Watu wakavuta pumzi. Joyce akanitolea macho. Nilijua hekima ya kwetu inasemaje, ukienda kwa wenye chongo nawe funga lako jicho, na nilijua pia kwamba kipande kile kingekwisha kwa kutafuna mara chache na soda juu yake. Yoeli angepata mke. Nikakichukua kwa vidole. Mungu wangu ni mpole, hata hivyo hana habari na mambo ya Nkoaranga. Nikakifikisha karibu na mdomo, harufu ikanipiga, na nikamwona yule beberu amepanda kochi. Pengine lilikuwa hilihili nililokalia. Mkono ukashuka wenyewe. Nilijichukia, nikamchukia mzee, nikamchukia mpaka Ibrahimu.

"Siwezi," nikasema. "Nisamehe Yoeli. Siwezi."

Mzee Thomasi akanyoosha mkono kuchukua sahani.

Hanna akatoka jikoni. Alikuwa bado na mwiko. Hakupaswa kabisa kuwa pale, anayeposwa haingii mpaka aitwe, na akina mama wakamshika kanga ikabaki mikononi mwao. Akaja moja kwa moja mbele yangu, akampa Yoeli mwiko amshikie, akachukua kidari kwenye sahani yangu akakiuma.

Alitafuna akiwa amesimama, anamtazama babu yake, machozi yanashuka hadi kidevuni, na hakuyapangusa kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Alikula kipande chote. Mfupa akauguguna vizuri, akauweka kwenye sahani ukiwa mweupe, akampa babu sahani kwa mikono miwili.

"Wewe ni wa huku," Mzee Thomasi akasema. Sauti ilikuwa ndogo. "Wewe huli mbuzi huyu."

"Nimekula sahani ya wageni, babu. Basi mimi ni wa huko."

Eliamini aliinuka kabla soda yake haijatulia. "Mmesikia wenyewe. Sisi tumeshapokea, tunashukuru sana, tunaomba kuaga."

"Kaa chini, Eliamini. Ng'ombe hatujawataja."

"Mzee, mtu aliye upande wetu tayari unamdaia mahari vipi?"

Mwanamke mmoja jikoni akaangua kicheko, mwingine akafuata. Mzee Thomasi aliitazama ile sahani tupu. Alikuwa mtu wa sheria yake, na leo sheria yake ilikuwa imemkanyaga kidole mwenyewe. Mwisho akaiweka mezani.

"Sahani imerudi tupu," akasema. "Ng'ombe mtaleta vilevile." Yoeli, bado ameshika mwiko, akaanza kulia mbele za watu bila aibu yoyote.

Vigelegele vilipopungua nikamtafuta Hanna. Alikuwa nyuma ya nyumba kwenye migomba, ameinama, mikono magotini. Nilidhani anatapika, nikamshika nguo isiguse tope. Hakuwa anatapika. Alikuwa anahema tu.

"Nisamehe," nikasema. "Ilikuwa juu yangu kula."

"Ilikuwa juu yako kukataa. Anayeolewa ni mimi."

Nikamchotea maji akanawa mikono, akanawa tena, akanusa vidole. Ndani walikuwa wameanza kuimba, na sauti ya Joyce ilikuwa juu ya zote. Nikamwambia Diwani amefanya kazi kubwa kuliko diwani yeyote ninayemjua. Nilitaka acheke. Alitikisa kichwa.

"Unajua kinachoniuma, dada?" akasema. "Si kwamba nimemla." Alijifuta mdomo kwa kiganja, akaangalia kile kiganja. "Alikuwa mtamu."