Mabawa Yenye Pengo

Katika nzi mia wa Jalpa, thelathini na mmoja walikuwa na pengo kwenye ukingo wa bawa. Katika mia wa Hafidha, tisa tu.

Nzi hao wadogo wa matunda walizaliwa na upungufu mmoja: protini inayozivisha kromosomu pete za kuzishikamanisha ilikuwa chini ya kawaida. Pete hizo hazishikamanishi tu. Zinagusa pia uwashaji wa jeni, ikiwamo jeni ya ukingo wa bawa. Nadharia ilitaka mapengo mengi. Jalpa aliyapata.

"Msiponionyesha namba za nani ni sahihi hadi Ijumaa," Dokta Philbert, mkuu wa maabara ndogo mjini Bukoba, aliwaambia wasaidizi wake wawili, "nafasi moja ya masomo ng'ambo naipeleka kwingine. Hakuna kati yenu atakayekwenda."

"Labda nzi wako wanakuogopa, waitu, mwenzetu," Jalpa alimtania Hafidha.

"Labda wako wanahesabiwa na mtu mwenye haraka."

Jalpa akamgeukia Philbert, wakacheka kwa Kihaya. Jalpa, binti wa Kihindi wa duka la vitambaa mtaani Rwamishenye, alikisema kama mzaliwa wa kijijini Kanazi. Hafidha, mzaliwa wa mjini vilevile, alikuwa akikibahatisha. Hata hilo lilimchoma.

Alhamisi Hafidha alifunika lebo za chupa zote, akazichanganya, akahesabu upya chini ya hadubini yake kuukuu, akiomba kosa la Jalpa lijitokeze. Chupa za Jalpa zilitoa thelathini, kisha thelathini na mbili. Kosa halikuwapo.

Ndipo alipotazama chupa yake ya akiba, yenye chakula tu, ambayo hakuwahi kuitia nzi. Funza walikuwa wakitambaa. Nzi wawili wenye mabawa mazima walitulia kwenye kioo.

Chakula kile alikiponda kwa ndizi mbivu kutoka kwa shangazi yake Muleba, aliyemfundisha kwamba ndizi za kukamua juisi hazipitishwi motoni, zisipoteze utamu. Mayai ya nzi wa shambani yalikuja na maganda. Jalpa alichemsha chakula chake.

Hakuna aliyekuwa ameona. Akiisuuza chupa, Jalpa atabaki hapahapa naye. Aliipeleka hadi kwenye sinki, akafungua bomba, akasimama. Kisha akalifunga, akaiweka chupa mezani kwa Philbert.

"Namba za Jalpa ni sahihi. Zangu zimeingiliwa na nzi wa Muleba."

Jalpa alimrukia kwa furaha. "Dada, nikuletee nini kutoka huko?"

Mikono ya Hafidha ilibaki chini.

"Niachie hadubini yako," alisema. "Leo, kabla hujaaga."