Sauti Kwenye Bomba

Mumewe alimpa jina la Tahadhari, nalo likamganda kiasi kwamba hata mama mkwe alimwita hivyo bila kucheka. Alikuwa fundi cherehani, akishonea sebuleni, dirisha wazi ili asikie kila kinachopita barabarani. King'ora kikilia, hata kwa mbali, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani mpaka kinyamaze. Jiko alilizima, akatoka, akarudi kuhakikisha kwamba amelizima. Msimu ule wa mvua ulimzidishia. Kila asubuhi redio ilitangaza nyumba zilizoanguka na madaraja yaliyozolewa, naye akafika mahali pa kulala na simu kifuani.

Si kwamba hakuwa na imani. Kanisani alikuwa hakosi. Ila alisali kama mtu aliyekwenda kuripoti polisi: alimweleza Mungu ajali zote zinazoweza kutokea, moja baada ya nyingine, asije akasahau hata moja, na akisema amina tumbo lake lilikuwa joto kuliko alipoanza. Mumewe alikuwa fundi bomba, mtu wa kuonekana kanisani kwenye harusi na misiba tu. Alimtania, "Huyo Mungu wako akikusikiliza mpaka mwisho, na yeye usingizi utamruka."

Simu ilipolia, alikuwa anatia zipu kwenye sketi ya shule. Aliyepiga alikuwa msimamizi wa jengo moja kuukuu mjini, ambako mumewe alikuwa akibadilisha mabomba.

"Shemeji, kaa chini kwanza."

Hakukaa. "Amekufa?"

"Sijasema hivyo. Upande wa nyuma wa jengo umeporomoka. Yeye alikuwa chini, kwenye ghala. Anaongea, shemeji. Njoo."

Miaka yote alikuwa akiisubiri simu hiyo. Alishailia kimoyomoyo jikoni, sokoni, hata katikati ya ibada, na sasa ilipofika, machozi yale yote ya akiba hayakumsaidia kitu. Alisimama katikati ya sebule akigeuka huku na huku, hajui anatafuta nini.

"Viatu, mwanangu," mama mkwe alisema mlangoni, akijifunga kitambaa kichwani. "Umevaa kimoja."

Walikuta uwanja wa nyuma umejaa watu na vumbi. Ukuta uliobaki umesimama ulikuwa na ufa wa kutoka juu hadi chini, na kila mtu aliutazama kwa jicho la pembeni. Kando, juu ya ndoo iliyogeuzwa, alikaa mwanamke kijana aliyepakata hotipoti. Mume wa kijana huyo alikuwa mwashi. Alikuwa ameshuka ghalani kumpelekea fundi bomba taa jengo lilipoanguka. Mkewe alikuwa amemletea chakula. Mwashi hakuwa ameitika tangu waanze kumwita.

Mkuu wa waokoaji, mwanamke mnene mwenye sauti iliyokaushwa na vumbi, alimshika Tahadhari bega akampeleka kwenye bomba pana la chuma lililochomoza ardhini. Lilikuwa bomba la zamani la maji machafu, limeshakatwa na kukauka, na mdomo wake wa chini ulikuwa ghalani.

"Mguu wake umebanwa na amegonga kichwa," alisema. "Sisi tunachimba kwa mikono kwa sababu ya huo ukuta. Wewe ongea naye. Asilale. Umenielewa? Asilale."

"Mimi siwezi. Mimi ni mtu wa hofu, muulize yeyote. Nitamuua kwa hofu."

"Dada, sauti anayoitaka ni yako. Piga magoti."

Alipiga magoti kwenye tope. Pumzi ilikuwa inaishia kooni, haishuki. Aliweka mdomo kwenye bomba na harufu ya kutu ikamjaa puani.

"Baba watoto?"

Kutoka mbali sana, kama mtu anayeongea ndani ya pipa: "Tahadhari. Umezima jiko?"

Alicheka, kicheko kikageuka kikawa kitu kingine, akajiziba mdomo asisikike. Akaanza kuongea. Alimwambia habari za sketi yenye zipu, za binti yao aliyemficha mwalimu kwamba kiatu kimetoboka, za mama mkwe aliyekuwa hapo hapo akiwaamrisha waokoaji kama vile amewaajiri. Kila aliponyamaza kuvuta pumzi, alisikia mawe yakipokezanwa mkono kwa mkono. Mara ukuta ulitoa mlio, kama mti mkubwa unaotaka kuvunjika. Mtu alipiga kelele, "Acheni! Tokeni!" Waokoaji wakarudi nyuma. Mkuu wao akamwashiria na yeye aondoke.

Hakuondoka. Si ushujaa, miguu ilikataa.

"Mbona wameacha?" sauti ya mumewe iliuliza. Sasa haikuwa na utani.

"Wanapumzika kidogo."

"Usinidanganye. Hujui kudanganya. Fundi mwashi hanijibu. Alikuwa hapa karibu, nilikuwa nasikia anapumua. Sasa sisikii. Naogopa, mke wangu. Hebu niombee."

Alifungua mdomo, na yale maombi yake ya siku zote yakaja mbio: ukuta usianguke, damu isivuje, hewa isiishe, mguu usi... Akasikia mumewe akikohoa chini kule.

"Siyo hivyo," mumewe alisema kwa upole. "Usimtajie yanayoweza kutokea. Yameshatokea. Mwambie tu niko huku."

Tahadhari alifumba macho. Ilimjia akilini, wazi kama mtu aliyewashiwa taa, kwamba tangu aolewe amekuwa akiishikilia nyumba yake kwa mikono miwili iliyoinuliwa juu, akidhani akiishusha tu, dari itaanguka. Na dari imeanguka, mikono ikiwa juu vile vile.

"Yesu," alisema ndani ya bomba, polepole, ili mumewe asikie. "Mume wangu yuko chini. Mimi niko juu, mkono wangu haumfikii. Wako unafika. Giza la namna hiyo unalijua, tangu kaburini. Kaa naye. Kaa na fundi mwashi. Siwezi tena kumshikilia, namwacha kwako."

Alisema na hilo la mwisho kweli akalifanya. Alimwachia. Hakusikia sauti, wala hakupewa hakika yoyote kwamba atamwona tena akiwa hai. Lakini pumzi ilishuka hadi tumboni. Alihisi tope baridi magotini, na mkono wa mama mkwe mgongoni, ambao pengine ulikuwa hapo muda wote. Hofu haikuondoka. Ila ilikuwa imekaa kando yake sasa; haikuwa imemkalia shingoni.

"Amina," ilisema sauti kutoka chini. Halafu haikusema tena.

Alimwita. Akamwita tena. Mama mkwe alianza kulia kwa sauti. Waokoaji walikuwa wameegemeza ukuta kwa nguzo na kurudi kazini, na mkuu wao alipopita alimtazama usoni akitafuta jibu. Tahadhari alitikisa kichwa: hajibu. Kisha akarudisha mdomo kwenye bomba akaendelea kuongea na ule ukimya, sauti ikitetemeka lakini haikatiki, habari za kiatu cha binti yao, habari za mvua, na katikati yake, "Yesu, kaa naye," mpaka koo likakauka.

Jua lilikuwa limeshaelekea magharibi walipomtoa. Alikuwa amezimia, mweupe kwa vumbi kama mtu wa chokaa, lakini anapumua. Baada yake walimtoa mwashi, na yeye walimfunika.

Mguu ulipona vibaya. Mumewe anachechemea hadi leo, na amerudi kwenye mabomba. Kanisani sasa huenda, hukaa kiti cha nyuma, na hapendi kuulizwa kwa nini.

Wiki ile ya mazishi, Tahadhari alikwenda peke yake nyumbani kwa mjane wa mwashi. Njiani mara mbili aligeuka kurudi. Atasema nini, yeye ambaye wake alitoka?

Mjane alimfungulia, akamtazama.

"Nilikusikia ukiomba," alisema. "Ulimtaja na wangu."

"Nilimtaja."

"Sasa mbona wako alitoka?"

"Sijui, mdogo wangu," Tahadhari alisema. "Kweli kabisa, sijui."

Mjane aliendelea kusimama mlangoni. Kisha alisogea pembeni kumpisha. Walikaa kwenye mkeka, bega kwa bega. Baada ya muda mjane alisema, "Basi omba. Kama siku ile. Kwa kifupi."

Akaomba, kwa kifupi.