Ikitua, Akitua

Kiburi changu kina urefu wa milimita mia sita. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kawaida tu, Prosper, mpiga picha wa harusi na kipaimara hapa Same mjini.

Mambo yalianza baba alipovunjika nyonga kule kijijini kwetu, Bombo, milimani. Dada yangu Agatha akaamua: Jumatatu anamchukua kwenda Dar, akae naye moja kwa moja. Kwenye basi mzee asingeweza kukaa, kwa hiyo wangepanda ndege. Baba amelinda msitu wa Shengena miaka thelathini, lakini hakubisha. Aliniomba kitu kimoja: picha ya yule ndege mdogo wa huku milimani, mwenye pete nyeupe kuzunguka jicho.

"Niwe naye huko kwenye joto," akasema.

"Baba, hilo ni dogo!" nikajibu. Mdomo uliponza kichwa.

Lenzi ndefu mpya ni bei ya shamba. Mke wangu Hedwiga, mwalimu wa Kiswahili, alisema ninunue ya milimita mia tatu iliyotumika, halafu nisogee karibu. Nisogee karibu, mimi! Nilishatazama video kuhusu konveta, kile kipande kifupi kinachokaa kati ya kamera na lenzi, mia tatu ikawa mia sita. Mwishoni jamaa alianza kueleza kwamba kinakula mwanga. Nikazima, bando lisije likaisha.

Muuzaji nilimpata mtandaoni, Abdulrahmani wa Dar. Nikampigia, nikamuuliza kama lenzi yake na konveta yake zinafaa kwa ndege.

"Braza, hiyo ni ya ndege kabisa! Aliyeniuzia alikuwa hapigi kitu kingine. Iwe inatua, iwe inapaa, unaidaka. Mpaka maandishi ya mkiani unayasoma!"

Maandishi mkiani? Nikajua tu ni wale ndege wanaofungwa alama na watafiti. Ila Kiswahili chake kilinichekesha. Ndege *inatua*! Sisi Wapare tunachekwa kila siku, kumbe mtoto wa pwani naye hajui ngeli. Nikamhurumia, nikatuma hela, mzigo ukaja kwa basi.

Jumamosi asubuhi nikapanda Shengena na mzigo wangu. Ukungu ulikuwa mzito. Nikakaa karibu na mti wenye matunda, na kweli, wakaja! Watano, sita, hatua kumi kutoka nilipo. Nikabonyeza. Lenzi ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda, ikarudi, ng'wii, ng'wii, haishiki kitu. Giza la msitu, na konveta imekula hata kile kimwanga kilichokuwepo. Nilipiga picha mia mbili. Zote uji wa ulezi.

Nikateremka nimenuna. Kwenye uwazi jua likachomoza, na eropleni ikapita juu. Kwa hasira nikaipiga. Safi! Hata herufi za mkiani zilisomeka.

Jioni nilimweleza Hedwiga, nikimlaani Abdulrahmani kuwa ni tapeli. Alikuwa anasahihisha madaftari.

"Hebu, Baba Magreth. Alisema anatua au inatua?"

"Inatua. Hajui ngeli, yule."

Kalamu nyekundu ikamdondoka. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Akitua ana manyoya, mume wangu. Ikitua ina abiria!"

Jumapili nikakosa ibada, nikarudi msituni bila konveta. Mvua ikanyesha kutwa. Hakuja hata mmoja.

Jumatatu, mimi na Hedwiga tulipofika Bombo, gari la kwenda uwanja wa ndege lilikuwa limeshafika. Baba alikuwa amekaa kibarazani na koti lake la kanisani, fimbo mapajani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umempata?"

Nilimpa kamera, nikatamani ardhi ipasuke. Akatazama uji wa kwanza, uji wa pili, uji wa tatu, taratibu, akiisogeza kamera karibu na uso. Alikuwa anamtafuta. Nilimwona kabisa anamtafuta, na roho iliniuma.

"Alikuwa karibu?"

"Hatua kumi, baba."

"Enhe. Huja karibu." Akabonyeza tena, ikatokea eropleni, safi, inang'aa. Akaiangalia muda mrefu. "Ndiyo ninayopanda leo?"

"Kama hiyo."

Akacheka, mabega yakamtikisika, kisha akafuta macho kwa kiganja.

"Nilikuomba ndege wa kunibakiza huku, mwanangu. Umeniletea ya kuniondoa."

Nikalia mbele ya dereva, mbele ya Agatha, na lenzi yangu shingoni. Hedwiga alinishika mkono. Baba aliishia darasa la nne, na ngeli zote zilikuwa sahihi.