Meza ya Wawili, Mlo wa Mmoja

Mhudumu aliondoa uma za upande wa mume kwanza, kisha visu, kisha kijiko cha supu, na kwa kila chombo alichokiokota aliomba radhi kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita katikati ya watu waliokaa. Upande wa mke vilibaki vyote, vimepangwa kushoto na kulia, vingi kuliko vilivyomo kwenye kabati lake la jikoni. Mwanamke alivitazama, akamtazama mumewe, akaona jinsi kitambaa cha meza kilivyobaki cheupe na kitupu mbele yake, pembeni imewekwa leso yake tu, imekunjwa.

"Unataka nifanye nini hapa?" aliuliza.

"Ule," mume akasema. "Ukila, unisimulie."

Sauti yake siku hizi ilitoka kana kwamba inajipenyeza kwenye mlango ulioachwa wazi kidogo.

Alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na barabara alizijua kwa tumbo. Wenzake walihesabu safari kwa miji na vituo vya mizani. Yeye alihesabu kwa migahawa. Hapa pana supu ya kukamata roho, pale pana mama mmoja mkali ajabu lakini samaki wake hukaangwa mpaka mifupa inatafunika, kule usithubutu kugusa nyama siku ya Jumatatu. Akirudi nyumbani, hata viatu hajavua, alivuta kigoda hadi kando ya cherehani ya mkewe na kuanza kumsimulia alichokula. Mke, fundi wa sare za shule, alimsikiliza huku mguu uko kwenye pedali, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa amekula kiporo kwa kusimama, sahani imewekwa juu ya vipande vya kitambaa. Chakula kwake kilikuwa kitu cha kunyamazisha njaa ili kazi iendelee.

"Siku moja nitakupakia," mume alizoea kumwambia, "twende mbali, tukale tumekaa."

Siku hiyo ilisogezwa mbele na mihula ya shule, ikasogezwa na mimba, ikasogezwa na gia zilizovunjika na bosi asiyetoa likizo, mpaka umio wa mume ukaziba. Nyama ndiyo iliyoanza kumkwama. Ukafuata mkate, ukafuata wali, ukafuata uji, na mwishowe mate yake mwenyewe, ambayo sasa aliyatema kwenye leso bila kelele. Walimtoboa tumbo, wakapitisha mpira, na tangu hapo mke ndiye aliyemlisha. Alikoroga maziwa na unga wa lishe, akayachuja, akayamimina kidogo kidogo kwa chupa iliyoinuliwa juu, asubuhi, mchana na jioni. Ndugu wakasema nchi ya jirani kuna hospitali kubwa, madaktari wake hufungua kifua na kuondoa palipoharibika. Ndivyo mwanamke alivyosafiri mbali kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Asubuhi ya siku ya mlo huo daktari, mama mpole aliyevaa raba, alipachika picha kwenye ubao wenye taa na kuwaonyesha madoa yaliyotapakaa kwenye ini. Alisema hatakifungua kifua. Alisema warudi nyumbani, wakae karibu na watu wao. Mke aliuliza ni lini warudi kliniki. Daktari akaanza kueleza upya, taratibu zaidi, na mke akauliza tena ni lini warudi kliniki.

Alidhani watashinda kitandani katika chumba chao cha hoteli hadi treni ya kesho. Lakini alipotoka kuoga alimkuta mume amenyoa ndevu na amevaa shati safi. Akamwambia avae gauni la bluu. Gauni hilo alikuwa amejishonea kwa ajili ya siku ya kuruhusiwa kutoka hospitali, na alilivaa, kwa kuwa kweli walikuwa wameruhusiwa. Jua lilikuwa bado juu ya mapaa walipovuka barabara kuingia kwenye mgahawa wenye madirisha makubwa. Huko mume alikwisha kupita mchana, mke akiwa anafunga mizigo, akaagiza mlo mzima wa sahani saba, kila sahani na mvinyo wake. Mke alipouliza itagharimu kiasi gani, mume alisema hilo ndilo jambo pekee la safari hii ambalo hatamsimulia.

Supu ya uyoga ndiyo iliyotangulia. Mhudumu, mtu mzima mwenye kipara na kitambi kilichokaa vizuri ndani ya kizibao, alimimina mvinyo mweupe chini kabisa ya bilauri na kueleza kwamba umetoka kwenye miteremko ya baridi, na kwamba ukiunusa vizuri utakuta harufu ya tofaa bichi na ya mawe yaliyonyeshewa. Alipoondoka, mke aliinamia meza.

"Nani alikwenda kulamba mawe hata akajua?"

Mume akacheka. Kicheko kilimgeukia kikawa kikohozi, akaifungua leso, akajifuta, akaikunja tena. Mke alichota supu. Ilikuwa tamu hata akashtuka, na papo hapo akaona haya.

"Ya kawaida tu," alisema. "Chumvi imepungua."

Mume aliisogeza leso pembeni.

"Mama watoto, mimi nimekusimulia chakula miaka yote hiyo. Nilikudanganya hata siku moja?"

"Hukunidanganya."

"Basi na wewe usinionee huruma mpaka kwenye supu."

Alichota tena, akaiacha ulimini, akatafuta maneno. Hakuwa na maneno ya chakula. Alikuwa na ya vitambaa. Alimwambia ni laini kama flana ya mtoto iliyofuliwa mara nyingi, ila chini ya ule ulaini kuna kitu cha kukwaruza kidogo, kama mshono uliopitishwa kwa ndani. Mvinyo nao ni mkali, unasafisha mdomo, na ukirudi kwenye supu unaikuta kana kwamba hujaionja. Mume alikuwa amefumba macho. Aliposikia hilo la mvinyo aliitikia kwa kichwa, akasema ndiyo kazi yake hiyo, kwa furaha ya mtu aliyekuwa akilifahamu jambo kwa kusikia tu na sasa amelithibitisha.

Akaja samaki mwenye ngozi kavu na mchuzi wa siagi na limau. Akaja bata aliyekatwa vipande vyembamba, pamoja na mvinyo wa rangi ya waridi uliofifia. Mume aliuliza maswali ya mjuzi: ngozi inavunjika au inanyumbuka? Limau linatangulia au linakuja nyuma? Na mke, ambaye mara ya mwisho kunywa mvinyo ilikuwa kwenye harusi yake, na hata hapo ni funda moja tu, alijibu kila swali, mashavu yamepata moto. Alisahau kula haraka. Aligundua kwamba ana njaa.

Haikuwa njaa ya siku hiyo. Tangu mume aache kula, yeye alikuwa akila nyuma ya mlango wa jikoni, sufuria zimefunikwa, ili harufu isivuke ukumbi. Aliacha kukaanga vitunguu. Aliacha kuoka mkate. Akakonda hata akalazimika kuyabana magauni yake, na jirani mmoja akamuuliza, kwa mzaha usiochekesha, ni yupi kati yao hasa aliye mgonjwa. Sasa alikuwa akila mbele ya macho ya mumewe, katikati ya watu, wala hakuna kilichofunikwa.

Meza ya pili mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, wote wawili wakamtazama yule mwanamume aliyekaa bila sahani. Mhudumu naye alikuja kuuliza kama bwana angependa japo maji. Mume alimjibu kwamba anashukuru, yeye ameshiba kwa kusikiliza. Mhudumu hakucheka. Aliinamisha kichwa, na kuanzia hapo kila alipoleta mvinyo mpya alisimama upande wa mume na kumweleza yeye, taratibu, ulikotoka na ulivyo, kisha ndipo akaumimina kwenye bilauri ya mke.

Nyama ya ng'ombe ilikuja na mvinyo mwekundu mzito. Mke alikuwa ameweka kipande cha kwanza mdomoni mume aliposema:

"Tukifika nyumbani, sitaki tena kumiminiwa."

Alidhani hakusikia vizuri. "Hutaki nini?"

"Maziwa. Mpira utauacha ulivyo. Usiweke kitu."

"Unajua unachoniambia?"

"Najua. Daktari nilimuuliza ulipotoka kwenda kunawa uso. Amesema ni haki yangu, na watanipa dawa nisiumie."

Mke aliweka uma chini. Alizitazama bilauri zilizokuwa mbele yake, nyingine bado zina tone chini, na sauti ilipomtoka ilikuwa ya mtu mwingine.

"Kwa hiyo umenileta hapa unilishe, nilainike, nikubali."

Mume hakukimbilia kukana. Alilifikiria jambo hilo kama alivyozoea kuyafikiria mambo ya barabarani, akiangalia mbele.

"Nimekuleta kwa sababu nilikuahidi. Hilo lingine nilitaka kulisema chumbani, nikashindwa."

Mke alimwambia yote aliyoweza kuyapata. Alimkumbusha binti yao mkubwa aliyekuwa karibu kujifungua, anayepiga simu kila siku kuuliza baba anaendeleaje. Alimtajia watu waliokatiwa tamaa na madaktari wakaamka. Alimwambia kwamba kumlisha si mzigo, hajawahi kulalamika, na hata usiku angeamka kama angeamriwa. Mume alimsikiliza mpaka akakauka maneno, akatema kwenye leso, akasema kwamba hata maumivu siyo yanayomchosha. Linalomchosha ni ule ubaridi wa maziwa anaousikia ukiingia tumboni wakati mdomoni hamna kitu.

"Maisha yangu yote nimejaza matangi, mama," alisema. "Tangi halijui kama limekunywa. Mimi sitaki kumalizikia hapo."

Ile nyama mke alikuwa ameimeza bila kujua. Mhudumu alipita, akaiona sahani imeachwa, akauliza kwa wasiwasi kama kuna kasoro. Mke akatikisa kichwa kwamba hakuna, na kwa kuwa kumwitikia mumewe hakuweza na kumkatalia hakuweza, alishika kisu, akakata kipande kingine.

Nyama ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililomvunja. Machozi yalimshuka hadi kwenye pembe za mdomo na bado nyama ilikuwa tamu. Alikunywa mvinyo ili aimalize haraka, na mvinyo ukaifanya tamu zaidi. Mwili wake ulikaa pale kwenye kiti kama kiumbe kisicho na habari ya msiba, ukidai kuongezwa. Akaelewa kwamba ndivyo itakavyokuwa. Mume ataondoka, watu watajaa uani na kutawanyika, na asubuhi moja ataamka mwenyewe ndani ya nyumba akiwa na njaa, ataingia jikoni, atakaanga vitunguu. Alijua kwamba angelia, alijua kwamba angelala peke yake, hayo alikwisha kuyapitia moyoni mara nyingi akiwa kwenye cherehani. La kushiba hakuwa amelifikiria. Aliuchukia mdomo wake, na mdomo ukaendelea kutafuna.

Alijaribu kusema ikoje hiyo nyama. Mume alinyoosha mkono juu ya kitambaa kitupu, akauweka juu ya wake.

"Hiyo usinisimulie," alisema. "Hiyo we kula tu."

Baada ya hapo zilikuja jibini, na barafu ya limau, na tunda la pea lililopikwa ndani ya mvinyo, na bilauri ndogo ya kitu kitamu chenye rangi ya asali. Mke alikula vyote. Walizungumza machache, kuhusu treni ya kesho, kuhusu nani awapokee kituoni na aambiwe nini. Taa za barabarani zilikuwa ndiyo kwanza zinawaka walipovuka kurudi hotelini. Kichwa kilikuwa kikimzunguka mke, hivyo mume, aliyebaki mifupa ndani ya shati, ndiye aliyemshika mkono asijikwae ukingoni mwa njia.

Asubuhi treni ilikuwa bado haijaondoka walipokaa kwenye viti vyao. Mke alitoa chupa ya maziwa, akaitikisa, akaipima joto kwa kiganja. Siku zote alikuwa akiinua shati la mumewe bila kuuliza, kama mtu anavyofungua mlango wa nyumba yake. Safari hii mkono ulimsimama hewani.

"Nikupe?" aliuliza.

Mume alikuwa akiwatazama wachukuzi wakigombania mkokoteni nje. Walimaliza ugomvi wao, mmoja akaondoka nao, na yeye bado alikuwa akitazama pale walipokuwa.

"Ya safari tu," alisema.

Akafungua kifungo mwenyewe. Mke aliunganisha mpira, akainua chupa, akaubana mpira kwa vidole viwili, maziwa yapite tone kwa tone. Treni ikavuta. Majengo yakaisha, yakafuata maghala, yakafuata mashamba yenye ukungu, na chupa ilikuwa haijafika hata nusu. Bega lilianza kumuuma. Hakuteremsha mkono.

"Mbona polepole hivi leo?" mume aliuliza.

"Treni inatikisika," alisema, akaubana mpira zaidi kidogo.