Mikorosho Iliyokuwa Nyuma ya Mama

Dorika alivunjika paja mwishoni mwa Mei, shambani kwake Newala, na baada ya hospitali akahamishiwa Masasi kwa bintiye Claudia. Daktari alimkataza kuukanyaga mguu ule kwa miezi mitatu. Maumivu aliyavumilia. Kilichomkosesha raha ni mikorosho arobaini.

Shamba lake lilikuwa na mikorosho mia tano sitini, na hiyo arobaini ilikuwa miche ya kubebeshwa, yaani iliyoungwa kikonyo cha mti bora, aliyoipanda kwa mkono wake miaka sita iliyopita. Hakuipanda kwa mstari. Kila palipokufa mti wa zamani, alichomeka mche mpya, mmoja huku, mwingine kule. Sasa ilikuwa mikubwa, imechanganyika na mingine, na kila mwaka ndiyo iliyowahi kuchanua kuliko yote. Ugonjwa wa ubwiriunga, unaofunika maua kwa unga mweupe, nao uliianza hiyo hiyo. Ilibidi ipuliziwe dawa ya salfa mapema, vichipukizi vya maua vikiwa bado vimefumba, na aliyejua ni ipi alikuwa amelala chali Masasi.

Mdogo wake, Erasto, alifunga kibanda chake cha kuuza sukari pale Nanganga akapanda Newala kuangalia shamba. Moyo alikuwa nao, ila kwake mkorosho ni mkorosho.

"Ukiupita ule uliopinda, tazama kushoto," Dorika alimwelekeza kwa simu.

"Dada, humu yote imepinda!"

Claudia akampa mama yake simu yenye picha ya shamba iliyopigwa kutoka angani. Dorika aliigeuza simu juu chini, akaigeuza tena, akairudisha.

"Hapa naona mchicha tu. Mimi sijawahi kuwa ndege, mwanangu. Shamba langu nalijua kwa miguu."

Maneno hayo yalimkaa Claudia kichwani kutwa nzima. Alikuwa na miaka ishirini na saba, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za michezo ya simu, sebuleni kwake, kwa kampuni moja ya Dar es Salaam. Ikiwa mama analijua shamba kwa miguu, basi apewe shamba la kutembelea. Alikwenda Newala siku nne, akazunguka na mjomba wake mstari kwa mstari, akipiga kila shina picha za pande zote huku simu ikirekodi mahali liliposimama. Akarudi Masasi, akaingiza yote kwenye kompyuta: kila mti kwa umbo lake, wenye panda, uliolala, uliochomwa na radi. Mashamba ya majirani aliyajaza pia, maana bila hayo mama angepotea mpakani. Jumla ilifika mikorosho elfu mbili na mia nne.

Jumatano asubuhi alimwekea mama yake meza kitandani, laptopu juu yake, akamwonyesha jinsi ya kutembea kwa vitufe na kugeuza shingo kwa mausi. Dorika alilitambua shamba papo hapo. "Ala! Hapa ni pale kwenye kichuguu!" Akabonyeza kitufe kusonga mbele.

Picha iliganda. Ikaruka. Ikaganda tena.

"Inachechemea kuliko mimi," alisema baada ya hatua chache, akafumba macho. "Kichwa kinazunguka, Claudia. Iondoe."

Claudia aliitazama namba ndogo pembeni mwa kioo: picha nne kwa sekunde. Mtu ili aone anatembea anahitaji ishirini na tano au zaidi. Laptopu yenyewe ilikuwa ya zamani, na mjomba Erasto alikuwa ameshapata mashine ya kupulizia kwa siku moja tu, Jumamosi.

Alijaribu kupunguza majani, mama akalalamika kwamba miti imekuwa ya kiangazi. Akayarudisha. Mchana, Dorika alipokuwa akiisogeza laptopu apate nafasi ya sahani, mkono wake uligusa mausi na mtazamo kwenye kioo ukaelekea juu, kwenye anga tupu la buluu. Claudia alinyoosha mkono aurudishe chini, akasita. Namba ilisomeka nne.

Hapakuwa na jani hata moja machoni. Anga tu. Na bado mashine ilisota vile vile.

"Mama! Inachora yote!"

"Yote nini?"

"Mikorosho yote elfu mbili na mia nne! Hata iliyo nyuma yako! Hata ukiangalia mbinguni, inaichora yote, kisha inaitupa kwa sababu haionekani!"

Dorika alitafuna tonge lake taratibu. "Sasa kwa nini ichore nilichokipa mgongo?"

"Kwa sababu sijaikataza!"

Jibu lilikuwa limeandikwa kwenye vitabu vya fani yake tangu zamani. Alilisoma chuoni, akalifanyia mtihani, akalisahau, kwa kuwa kazini alitumia programu za watu zilizomfanyia hilo kimyakimya. Safari hii shamba lilikuwa zito, alilijenga mwenyewe kuanzia chini, na hakuna aliyemfanyia. Alichukua daftari akachora jicho. Kutoka kwenye jicho akatoa mistari minne iliyotanuka kwenda mbele, akaikata kwa ubao mmoja karibu na jicho na mwingine kule mbali ambako ukungu ungemeza kila kitu. Likatokea umbo la piramidi iliyokatwa kichwa na kulazwa ubavu. Kuta sita: kushoto, kulia, juu, chini, karibu, mbali. Kila kinachoonekana kimo ndani ya kuta hizo. Kazi ikabaki kuuliza kila mkorosho, kabla ya kuuchora: uko upande gani wa kila ukuta? Ukiwa nje ya ukuta hata mmoja, hauchorwi. Swali lenyewe ni kuzidisha na kujumlisha mara chache, kazi ndogo mno kuliko kuchora mti na majani yake.

Aliandika akiwa amesimama. Chai ilipoa. Saa kumi alasiri aliwasha programu, shamba likatoweka lote. Kioo kikabaki na udongo mwekundu tu. Akacheka peke yake. Alikuwa amekosea alama moja ya kutoa, na mashine ilikuwa ikichora kwa utiifu kila kilichokuwa nyuma na kukikataa kilichokuwa mbele. Akasahihisha, akawasha tena.

Ishirini na tisa.

Aligeuka kushoto, thelathini na moja. Akaelekea angani, sitini. Shamba lilipita machoni kama maji. Claudia alipiga kelele hadi mwenye nyumba, Mama Ethel, akaja mbio na mwiko mkononi.

"Kuna nini? Mama kaanguka?"

"Anatembea, Mama Ethel! Njoo uone, mama anatembea!"

Na kweli Dorika alikuwa akitembea. Alishaikamata mausi, akapita kichuguu, akapinda kulia bila kuuliza mtu, midomo ikimchezacheza. "Huu. Huu wa kwanza. Andika, Claudia." Claudia akaugusa mti, ukawekwa rangi nyekundu. "Na ule. Ngoja, si ule, wa nyuma yake." Wakafikisha miti kumi na mmoja kwa mwendo mmoja. Kisha Dorika akasimama.

"Umenikatia mkorosho."

"Sijakata kitu, mama. Umegeuka tu, umeuacha pembeni."

"Hapa njiani pana mti. Shina liko kushoto, lakini tawi lake linavuka njia, naliinamia kila siku. Liko wapi?"

Claudia alitazama. Njia ilikuwa wazi. Alijua picha alizopiga, na alijua pia kwamba mama yake alikuwa akimeza dawa kali za maumivu. "Labda unachanganya na njia nyingine," alisema kwa upole.

Dorika aliiacha mausi. Alichukua simu, akampigia mdogo wake na kuweka sauti kubwa. "Erasto, uko wapi?"

"Niko shambani, dada."

"Nenda kwenye njia ya kisimani. Pana tawi linalovuka?"

Walimsikia akihema, wakasikia majani makavu. "Lipo. Nimeliegemea hapa."

Claudia alihisi uso ukimwaka moto. "Shikamoo, mjomba. Ahsante. Mama, nisamehe." Akaishika mausi, akageuza taratibu, kidole kwa kidole, na safari hii akauona. Mkorosho ulisimama mzima na tawi lake njiani. Shina lilipofika tu kwenye ukingo wa kioo, puu, mti wote ukazimika. Ulikuwa umekufa pamoja na tawi lililopaswa kubaki mbele ya macho.

"Nimeuuliza mti uko wapi," alisema, akianza kucheka, "nao ukanijibu kwa shina tu! Matawi sikuyauliza!"

"Mkorosho si mnazi," Dorika alisema. "Mkorosho hutanda."

Dawa yake haikuwa ndefu. Kila mti aliuwekea duara la mpira usioonekana, mkubwa wa kutosha kumeza shina na matawi, na swali akalibadilisha: mti utaachwa bila kuchorwa pale tu mpira mzima utakapokuwa nje ya ukuta. Ukigusa hata kidogo, uchorwe. Mashine ikachora mikorosho michache zaidi, namba ikashuka hadi ishirini na saba, na tawi la njia ya kisimani likarudi mahali pake. Dorika akalifikia na, bila kujijua, akainamisha kichwa.

Ijumaa jioni miti yote arobaini ilikuwa imepakwa nyekundu.

Jumamosi, umande ukiwa bado kwenye majani, Erasto alifunga mashine mgongoni, akaweka simu mfukoni na waya masikioni. Masasi, dada yake aliegemezwa kwa mito miwili, laptopu mbele yake juu ya meza ya kitandani. Wakaanza safari pamoja kutoka kwenye kichuguu.

"Piga hatua hadi uuone wenye panda."

"Nimeuona."

"Upite. Kushoto kwako, mmoja mfupi, gome limechubuka."

"Nao huu hapa! Dada, nao huu hapa!" Mashine ikanguruma masikioni mwao.

Claudia alikaa ukingoni mwa kitanda akihesabu kwa vidole. Kila Erasto aliposema "nao huu hapa", mama yake alipiga goti la mguu wake mzima kwa kiganja. Kwenye mti wa ishirini na tatu Erasto alitangulia. "Usiniambie! Huu wenye tawi la chini, sivyo?" Dorika akamgeukia bintiye, macho yakimng'aa. "Muuza sukari anaanza kuijua mikorosho!"

Saa nne walimaliza wa arobaini, ukingoni kabisa, ambako nyanda za juu zinakatika ghafla na bonde la Ruvuma kuonekana chini. Erasto alizima mashine, upepo ukasikika.

"Na sasa, dada?"

"Simama hapo hapo. Na mimi nimesimama."

Katikati ya Agosti Erasto alituma picha: vishada vya maua meupe na pinki, safi, bila unga wa ugonjwa. Claudia alikimbia nayo chumbani. Dorika aliitupia jicho mara moja, akasema vizuri, kisha akarudi kwenye laptopu, ambako alikuwa akimtembeza Mama Ethel, aliyekuwa hajawahi kufika Newala. Dorika alitaka kumwonyesha mashamba ya majirani kabla uji haujapoa.